Mashine ya Boti Ichaguliwe na Anayelipa Mafuta

Kila mwaka wa bajeti, kaunti zetu za Pwani hazikosi kifungu cha boti za wavuvi. Picha yake tunaijua. Boti mpya ya faiba iko ufuoni, mashine ya nje ya arubaini imefungwa tezi, viongozi wamevaa jaketi za uokoaji na bado hawajapanda. Siku hiyo hakuna anayeuliza ni nani aliyechagua mashine ile, na nani atakayelipa mafuta yake.

Kwa Lamu swali hili ni zito zaidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye ikakubaliwa kuwa sehemu kubwa itolewe kwa vifaa, zikiwemo boti na mashine, na iliyobaki ndiyo iwe pesa mkononi. Mtu aliyepokonywa maji aliyokuwa akivua, kisha akafidiwa kwa mashine isiyomfaa, amedhulumiwa mara mbili.

Sisemi mashine ya nje ni mbaya. Ya arubaini ina uzito wa kilo 70 hadi 80 hivi, kwa hiyo jioni watu wawili wanaichukua mpaka nyumbani, mwizi akija akute boti tupu. Ukifika penye mchanga au mwamba unaiinua na kupita. Msafiri wa Faza au Kizingitini anajua maana yake: maji yakipwa, boti kubwa za dizeli zilikuwa zikisubiri kupita Mkanda, na ndogo za mashine ya nje mara nyingi zilikuwa zimeshapita. Kwa anayevua ndani ya mwamba na kurudi kabla ya adhuhuri, sioni sababu ya kumhangaisha na kitu kingine.

Taabu iko kwenye mafuta. Mashine nyingi tunazotumia ni za mipigo miwili, petroli inachanganywa na oili, na kwa kazi ile ile hula takriban mara mbili ya dizeli. Tufanye hesabu ya mfano. Nahodha akienda nje ya mwamba na kurudi amechoma lita 30. Tuseme lita ni shilingi 180: hapo ni 5,400, bado oili. Dizeli iwe lita 15 kwa shilingi 170, ni 2,550. Tofauti ni 2,850 kwa safari moja, na kwa safari 20 za mwezi ni 57,000. Pesa hizo hutoka kwenye samaki kabla baharia yeyote hajapewa fungu lake.

Halafu kuna chumvi. Mashine ya nje inataka kuoshwa kwa maji baridi kila inapotoka baharini. Nenda vijiji vya Lamu Mashariki vinavyotegemea maji ya mvua kwenye jabia, umwambie mama wa nyumba kwamba ndoo mbili za leo ni za mashine. Utasikia jibu lake.

Mashine ya ndani nayo ina masharti. Bei yake ya kununua ni kubwa, ni nzito, inakula nafasi ya samaki na barafu, na rafadha yake iko chini ya maji wakati wote. Huwezi kuichomeka tu kwenye boti nyepesi iliyotengenezwa kwa mashine ya nje, kwani inataka kitako imara na tundu la shafti lililozibwa sawasawa. Lakini mashua ya mbao yenye mkuku mzito, inayolala bahari kuu siku mbili tatu na mabaharia wanane, hiyo ndiyo mahali pake. Fundi aliyezoea dizeli ya trekta au jenereta anaweza kuishughulikia. Pia dizeli haishiki moto upesi, ilhali mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini kwenye ngama. Wanaobeba abiria wafikirie hilo.

Sasa serikali inawahimiza wavuvi wetu waache kukwangua mwambani, waende bahari kuu. Ni shauri zuri. Ila huwezi kumwambia mtu aende mbali kisha ukampa mashine inayomfilisi kwa umbali. Matokeo nimeyaona kwenye banda la BMU moja, nisiyoitaja: mashine mbili zimefunikwa turubai, hazijaharibika, kikundi hakina pesa ya petroli.

Kwa hiyo kikao kijacho cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nendeni, hata kama posho hakuna. Msiulize boti ni ngapi. Ulizeni zabuni imeandika mashine gani, na kama aliyeiandika alikaa na manahodha wa bandari ile akajua wanavua wapi, kina ni kiasi gani maji yakipwa, na wakati wa kusi boti italazwa wapi. Ulizeni vipuri vitatoka duka lipi na fundi atalipwa na nani baada ya mwaka wa kwanza. Na majibu yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjatia sahihi.