Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuyape Mabaraza Madogo Nafasi

Kila muhula ubishi ni ule ule. Pesa kidogo ya klabu ipeleke watu kwenye baraza kubwa la kuigiza la Umoja wa Mataifa, lile la siku tatu hotelini, au tufanye mabaraza yetu madogo hapa hapa darasani? Wengi wanataka hotelini. Mimi nimecheza kote kuwili, na nasema fungu kubwa liende kwa madogo.

Tuelewane kwanza: huu ni mchezo. Hauna jukwaa wala watazamaji. Kila aliyemo ni mhusika, na hadithi inakwenda kadiri wachezaji wanavyoamua. Wenzetu Ulaya wanayo michezo ya jamii hii ya kila namna. Ujerumani kuna ConQuest of Mythodea, ambako maelfu ya watu hupiga kambi siku kadhaa na kupigana kwa mapanga ya sponji. Nchi za Skandinavia wanapenda pia ile ya chumbani: watu wachache, saa chache, basi. Sisi tofauti yetu ni suti tu.

Sasa tupige hesabu. Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Ukiigiza Baraza Kuu zima, na kila mjumbe apewe dakika moja tu, mzunguko mmoja unakula saa 3 na dakika 13. Hapo hujahesabu makofi. Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Kwa dakika hiyo hiyo moja, mzunguko ni robo saa. Ndani ya saa 3 kila mtu kashasema mara 12. Sasa niambie, nani atarudi hosteli amejifunza kujenga hoja?

Na si kusema tu. Kwenye Baraza la Usalama azimio zito linahitaji kura 9, na asiwepo hata mmoja kati ya wale 5 wa kudumu aliyepiga kura ya turufu. Kwa hiyo kila kura ina bei. Nilimwona dada mmoja wa mwaka wa pili, mtu ambaye darasani hanyooshi mkono kabisa. Alikuwa anaigiza nchi isiyo ya kudumu, kura zimefika 8, meza nzima ikamgeukia yeye. Akasema kwa sauti ndogo: “Mheshimiwa Mwenyekiti, kifungu cha tatu kibadilishwe kwanza.” Kikabadilishwa. Kwenye ukumbi wa watu 193 asingefikiwa hata na maiki.

Sisemi makubwa hayana faida. Kule unakutana na wageni wasiojua tabia zako, unazoea kutetemeka mbele ya umati, na unagundua kwamba mapatano mengi hufanyika kwenye foleni ya chai. Madogo nayo yana udhaifu wake: tunajuana mno, urafiki wa hosteli unaingia kwenye kura, na China asipotokea mchezo unayumba. Ila hilo la mwisho nalihesabu kuwa sifa. Kwenye dogo usipokuja unatafutwa. Kwenye kubwa unaweza kulala chumbani siku nzima na azimio likapita vile vile.

Halafu jamani, tuseme ukweli kuhusu pesa. Ada, nauli, malazi, suti. Na boom likichelewa je? Wanaokwenda ni walewale wenye uwezo, na wanaong'ara kule ni walewale waliozoea kusema tangu sekondari. Baraza kubwa linamtafuta aliyekwisha kuiva. Anayehitaji kupikwa anabaki huku akiangalia picha kwenye simu.

Pendekezo langu kwa viongozi wetu ni hili. Kila mwezi baraza moja la watu 15, chumba cha darasa, Ijumaa jioni, bila ada. Majukumu yagawanywe kwa kura ya bahati, ili Marekani na Urusi zisiwe mali ya wazungumzaji wale wale. Atakayecheza mara 3 aingie kwenye orodha ya kwenda hotelini, na hapo klabu imlipie. Viti 15 tunavyo. Chumba ni kuomba tu.