Saa Nane Kilikuwa na Mwenyewe

Hapa Nyamongo, kandokando ya mgodi wa dhahabu, akionekana tu mthamini wa ardhi, maneno ya fidia yanaanza, na haipiti muda mtu anakitaja Kisiwa cha Saa Nane cha kule Mwanza: hata kile kilikuwa cha mtu, wakamtoa. Hilo la kwanza ni kweli. Ubishi wangu uko kwenye yanayofuata.

Eti kiliitwa hivyo kwa sababu ya saa. Sivyo. Mwenyewe alikuwa Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, na jina lake ndilo lililobaki.

Eti wanyama walikuwepo tangu enzi, ndiyo maana mzee akaondolewa. Mambo yalikwenda kinyume. Mzee aliondoka 1964 ili serikali ianzishe bustani ya wanyama, na wanyama wakaletwa. Wengine walikuwa wapita njia tu, wakisubiri kupelekwa Kisiwa cha Rubondo. Saa Nane ikawa pori la akiba 1991, na hifadhi ya taifa 2013, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yamehesabiwa. Leo ukivuka kutoka Capri Point, safari ya dakika chache, unakuta pimbi wanaota jua juu ya majabali na swala pala wanakula majani mahali ambapo zaidi ya miaka sitini iliyopita palikuwa pa mtu.

Eti alinyang'anywa bila senti. Historia ya hifadhi yenyewe inasema alilipwa fidia akahama. Mimi naikubali, ila kulipwa na kulipwa haki yako ni mambo mawili. Tangu Mwingereza atunge sheria ya ardhi ya 1923, ardhi yote ilihesabiwa ya umma, na kwa miaka mingi ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya mthamini. Alichohesabu ni nyumba, miti na mazao. Sasa geuka utazame huku kwetu: kibanda cha bati kisicholaliwa na mtu, kuta za tope bado mbichi, miche imebanana hata jembe halipiti. Hiyo ndiyo tegesha: kujenga na kupanda harakaharaka ili mthamini akute cha kuhesabu. Tunawacheka wanaotegesha, wengine wanawaita matapeli, lakini mchezo wenyewe waliufundishwa na sheria iliyolipa kilichosimama juu ya ardhi na kuiacha ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilibadili hilo: inatambua kwamba ardhi ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kanuni za 2001 zikaongeza posho za usumbufu, usafiri na makazi. Kwa hiyo anayesema bila tegesha huambulii kitu anasoma sheria ya babu yake.

Eti siku hizi tajiri akija na dola ananunua kisiwa kizima. Hanunui. Umiliki wa moja kwa moja Tanganyika uligeuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali mwaka 1963. Leo hati inayotolewa na serikali ni ya muda, isiyozidi miaka 99, na mgeni hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Hata Mnemba ya Zanzibar, yenye hoteli ya kifahari, imekodishwa na Serikali ya Mapinduzi.

La mwisho ndilo linaloniudhi: kama mzee alihamishwa, na mgodi unaweza kutuhamisha utakavyo. Mzee alihamishwa na serikali. Kampuni haina mamlaka ya kutwaa ardhi ya mtu. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, mwenye leseni kubwa ya uchimbaji hutakiwa kuwa na mpango wa fidia na wa kuwapa watu makazi mapya. Mpango huo uombwe kijijini, usomwe kwenye mkutano, kabla mtu hajaweka dole gumba kwenye fomu.