Msaada Uliohesabu Nguruwe



Wengi wetu twadhani kwamba katika nchi tajiri mkulima hana cha kuogopa ila ukame na mvua ya mawe. Sikilizeni basi yaliyowapata wafugaji wa Sioux County, wilaya ya mashamba katika jimbo la Iowa, kule Marekani. Waholanzi walihamia huko mnamo mwaka 1870, na wajukuu wao wangali wakilima. Wakaaji ni kama 36,000. Nguruwe wao ni zaidi ya milioni moja.

Mwezi wa Aprili 2020 ugonjwa wa korona uliingia katika viwanda vya kuchinjia. Kile cha Sioux Falls, katika jimbo jirani la South Dakota, kilichokuwa kikichinja nguruwe karibu 20,000 kila siku, kilifungwa kwa majuma kadhaa. Asiyejua ufugaji wa namna ile atauliza: je, hawakuweza kungoja? Hapana. Nguruwe wa huko hufikia uzito wa kuuzwa apatapo miezi sita, na wadogo wamekwisha kuwekewa banda lile lile. Mkubwa asipotoka, mdogo hana pa kuingia. Naye mkubwa huzidi kula na kunenepa, hata mashine za kiwanda zisimfae tena. Wafugaji wengine wa Marekani waliwaua nguruwe wazima na kuwafukia. Ni kazi ya kuhuzunisha kwa mtu aliyewalisha kwa mkono wake.

Serikali haikukawia. Tarehe 17 Aprili ilitangaza dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima, na 3 za kununua vyakula vya kuwagawia wenye haja. Tangu tarehe 26 Mei maombi yakapokelewa katika ofisi za Idara ya Kilimo wilayani. Mkulima aliandika hesabu yake mwenyewe, akatia sahihi. Mimi siwalaumu kwa haraka hiyo. Msaada ufikao baada ya mnada wa shamba ni msaada gani?

Lakini ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Kwa nguruwe waliokuwa zizini kati ya tarehe 16 Aprili na 14 Mei, mwenye mali alihesabiwa dola 17 kwa kila kichwa. Mwenye nguruwe 400 alistahili dola 6,800. Mwenye 14,000 alistahili 238,000. Mpaka wa mtu mmoja ulikuwa dola 250,000, na kampuni yenye wenyeji watatu wafanyao kazi shambani iliweza kufika 750,000. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, nami naona hapo ndipo ilipokosea: iliuliza una nguruwe wangapi, haikuuliza ni nani aliye karibu kupoteza shamba lake.

Tena yuko mfugaji wa mkataba. Huyu hujenga banda, mara nyingi kwa deni la benki, na hutoa jasho lake usiku na mchana, lakini nguruwe ni wa kampuni. Banda likikaa tupu, deni halikai. Kwa kuwa hakuwa na kichwa kimoja cha kuhesabiwa, malipo ya kwanza yalipita mbele ya mlango wake. Bunge lilimkumbuka kwa sheria ya Desemba 2020; fomu zake zilikuwa zingali zikipokelewa Oktoba 2021, mwaka mmoja na nusu tangu kiwanda cha Sioux Falls kufungwa.