Sauti ya Bhalo na kalamu nyuma yake

Tangu alipofariki Mohamed Khamis Juma Bhalo mwaka 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu, barazani husikika neno hili: kwamba hakuwa na lake, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika Kiswahili. Asemaye hivyo amesikia sauti, hakusikiliza maneno.

Mahadhi mengi yalitoka Bombay, kweli. Lakini maneno yalikuwa ya hapa hapa Mvita. Nyimbo zake kadhaa zilitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir, bingwa wa vina na mizani, yule wa Malenga wa Mvita, kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kulitia shairi la Kiswahili katika lahani ya kigeni, kina kisivunjike wala fumbo lisipotee, si kazi ya kasuku. Ndipo aliyesutwa, aliyeachwa na aliyependa kwa siri, kila mmoja alidhani wimbo aimbiwa yeye.

Bhalo aliiacha taarabu mwaka 2007. Sauti imebaki katika kaseti na katika simu za vijana. Wengi wao wajua kuitikia, lakini waulize maana ya fumbo, au jina la mtunzi, watanyamaza. Hasara yetu i hapo.

Rai yangu ni hii: mwenye kaseti ya Bhalo nyumbani na ayaandike maneno yake, amwulize mzee maana, kisha aweke majina mawili, la mwimbaji na la mtunzi. Wimbo ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe ikiwa kamili.