Subira Iliyodhaniwa Woga

Baadhi ya vijana wetu hapa Tunduma husema kwamba Tanganyika ilipewa uhuru bure, kwani hapakufyatuliwa risasi. Kauli hiyo haiwatendei haki wazee. Walioanzisha TANU mwaka 1954 hawakuhitaji kuhadithiwa bunduki ya mkoloni hufanya nini. Walikuwapo waliokuwa hai walioyaona Majimaji ya 1905 hadi 1907. Njia nyingine waliichagua kwa kujua.

Tutazame Tabora, Januari 1958. Waingereza walileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ilhali Waafrika ndio waliokuwa takriban nchi nzima. Na kura yenyewe ilidai elimu, wadhifa au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake.

Msomaji wa sira ataikumbuka Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Suhail bin Amr alikataa hata kuandikwa katika mkataba kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah. Waislamu wakatakiwa warejee Madina bila ya kuizuru Al-Kaaba, na Sayyidna Umar (r.a.) hakuuficha uchungu wake. Masahaba walipoamrishwa wachinje na wanyoe, walisita. Ni Mama Ummu Salama (r.a.) aliyemshauri Mtume (s.a.w.) atoke, asiseme na mtu, achinje yeye kwanza. Alipofanya hivyo, wote wakafuata. Suratul Fat-h iliteremka wakiwa njiani kurudi. Simfananishi mwanasiasa yeyote na Mtume, Allah atuepushe. Nasema tu kwamba kumeza sharti chungu si lazima kuwe kushindwa.

Tabora nako hapakutosha maneno ya wanaume. Tangu 1955, Bibi Titi Mohamed, mwenyewe mwimbaji, alikuwa akiwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, na maelfu wakachukua kadi. Mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU. Katazo hilo halikumgusa mama muuza maandazi.

Agosti 1958 Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi 3,000 za siku zile ndizo pauni 150, kiasi kile kile cha kipato cha mpiga kura! Faini ikalipwa. Angekwenda jela, sidhani wafuasi wake wangetulia.

Machi 3, 1959, ng'ambo ya Mto Songwe, serikali ya Nyasaland ilitangaza hali ya hatari, ikamkamata Dakta Banda, na watu wakauawa. Upande wetu, awamu ya pili ya uchaguzi ilikuwa imekwisha mwezi mmoja nyuma, na waliobeba ushindi, Wazungu na Waasia wakiwemo, walikuwa wagombea walioungwa mkono na TANU.