Mchumia Juani na Mlia Kivulini

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii ni ahadi: atokaye jasho leo atapumzika kesho. Lakini katika vilima vya chai vya Kericho na Bomet, tangu chai ilipopandwa huko, aghalabu mchumaji amekuwa mmoja na mlaji amekuwa mwingine. Jua ni la huyu, kivuli ni cha yule. Siku hizi tunaambiwa kwamba mikakati imeandikwa na kwamba ustawi utamfikia kila mtu. Maneno haya ni matamu. Lakini utamu wa neno haujapata kulipa karo ya mtoto hata mmoja. Nasema wazi tangu mwanzo: mpango wa uchumi wa nchi ya chai usioanza kwa kumhesabu mchumaji na mkulima mdogo si mpango wa maendeleo yao, bali ni daftari la mali ya watu wengine.

Wako wanaodhani kuwa hali ya Kericho iliumbwa na mvua na udongo. Mvua na udongo vilikuwapo kabla ya chai. Makampuni ya Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza mashamba makubwa huko katika miaka ya 1920, juu ya ardhi iliyotwaliwa kwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mbali na vilima vyake. Kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai lakini hakuruhusiwa kuilima kwa ajili yake mwenyewe. Huo nao ulikuwa mpango. Ulifikiriwa kwa makini, ukatekelezwa kwa bidii, ukafanikiwa. Ila ulifanikiwa kwa wale tu waliohesabiwa ndani yake.

Ukaja mpango mwingine. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mlango wa mazao ya biashara ulianza kufunguliwa kwa mkulima Mwafrika. Mwaka 1960 kikaundwa chombo cha kusimamia mazao maalumu, na mwaka 1964 kikafuata chombo cha kustawisha chai ya wakulima wadogo, ambacho leo tunakijua kwa herufi za KTDA. Viwanda vikasimama Litein na Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros. Leo wakulima zaidi ya nusu milioni katika Kenya huuza majani yao kwa njia hiyo. Mvua ilikuwa ile ile na udongo ule ule. Kilichobadilika ni hesabu. Basi asitudanganye mtu kwamba umaskini wa mwenye kikapu ni amri ya maumbile. Uliletwa na maamuzi ya watu, na maamuzi ya watu yaweza kuuondoa.

Hata hivyo, kazi ile haikumalizwa. Tazama safari ya jani. Mikono huchagua majani mawili na chipukizi lake. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hutiwa katika magunia makubwa na kusafirishwa zaidi ya kilomita 700 hadi mnada wa Mombasa. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huvuka bahari ikiwa katika magunia hayo. Huko ng'ambo huchanganywa na chai za nchi nyingine, hutiwa katika paketi nzuri na kupewa jina la mwenye paketi. Jina la Kericho hufutika, na pamoja nalo hufutika faida ya kuchanganya, ya kupakia na ya kuuza dukani. Tunauza jasho kwa jumla, wenzetu wanauza harufu kwa rejareja.

Isitoshe, mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa kwa miaka mingi amepokea bonasi ndogo kuliko mwenzake wa mashariki. Akilalamika huelezwa habari za ubora wa majani na bei za mnada. Huenda maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ikiwa ubora ndio ugonjwa, dawa iko wapi? Taasisi ya Utafiti wa Chai iko Kericho hapo hapo. Mwaka 2011 ilitoa aina ya chai ya zambarau iitwayo TRFK 306. Elimu iko mlangoni. Mpango wa kweli ungeichukua elimu hiyo na kuifikisha katika shamba la mjane mwenye nusu ekari, badala ya kumwambia kila mwaka kwamba majani yake hayafai.

Sasa imekuja mashine ya kuchumia. Mwezi wa Mei mwaka 2023 mashine hizo zilichomwa moto huko Kericho, na machafuko yakaleta mauti na majeraha. Mimi siwasifu waliowasha moto. Anayechoma chombo hakiondoi kilichokileta. Lakini siwezi pia kuwasifu wanaosema kwamba mashine ni maendeleo na kwamba anayelalamika ni adui wa wakati. Mashine haina dhambi. Dhambi iko katika hesabu inayoandika akiba ya mwenye shamba upande mmoja wa daftari, na upande wa pili isiandike mshahara uliopotea, duka la kijijini lililofungwa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwenye kuleta mashine na alete pia mafunzo ya kazi mpya na mali ya kuanzia maisha mapya, na alete kabla ya siku ya kufukuza watu.

Mashamba yenyewe hubadilisha wenyewe. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa wawekezaji wa Ulaya. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo ya Kenya yatauzwa kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo ilikuwa imekwisha kukubaliana kununua yale ya James Finlay. Katika mauzo hayo jamii iliahidiwa hisa za asilimia 15. Ni hatua njema, nami siidharau. Lakini asiyekaa mezani hula kilichobaki, na asilimia 15 zisizo na daftari la wazi zaweza kuyeyuka kama umande wa Mau.

Watatujibu: "Msipige kelele, mtawafukuza wenye mtaji." Jibu langu ni fupi. Wenye mtaji wamekaa Kericho karibu miaka 100, chini ya mkoloni na chini ya bendera yetu. Walikaa kwa sababu kuna faida. Hawatakimbia kwa kuombwa haki. Wataona tu kwamba faida ina wenyewe zaidi ya mmoja.

Nchi ya chai, tena, si chai tu. Soin kuna joto na miwa. Kipkelion kuna kahawa na mahindi. Sotik kuna maziwa. Chepalungu hungoja mvua isiyokuja kwa wakati. Mpango unaotazama vilima vya kijani peke yake huwasahau ndugu wa bondeni. Kericho na Bomet zimo pia katika umoja wa kaunti 14 za eneo la Ziwa. Umoja huo utafaa ikiwa utatuunganisha katika viwanda, maghala na masoko. Ukibaki mikutano na hotuba, hautafaa kitu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaamuru kila kaunti iwe na mpango wa miaka mitano, na yaamuru wananchi washirikishwe. Mpango wa kwanza ulianza 2013, wa tatu ni wa 2023 hadi 2027. Lakini kitabu kinene cha Kiingereza hakimshirikishi mtu asiyekisoma. Kuitwa ukumbini kupiga makofi si kushirikishwa. Mpango na uandikwe kwa lugha ya watu, usomwe katika vituo vya kununulia majani, na mwisho wa kila mwaka mkulima aonyeshwe kilichoahidiwa na kilichofanyika.

Nanyi vijana mnaosoma insha hii, hasa mliolelewa kwa kikapu cha mama, mna wajibu ambao wazazi wenu hawakupewa nafasi ya kuutimiza. Mnajua kusoma mizani. Mnajua kusoma bajeti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Utafuteni mpango wa kaunti yenu, muufungue, mmtafute mchumaji katika kurasa zake. Msipomwona, ulizeni kwa adabu ni nani aliyemwacha nje. Na msipojibiwa, ulizeni tena kwa sauti kubwa zaidi.