Jicho na Jina la Rangi

Chumvi ya potasiamu ikitiwa katika mwali wa moto, mwali hugeuka rangi. Vitabu vya kemia vya Kiingereza huiita rangi hiyo kwa jina la ua la nchi za baridi. Mwanafunzi asiyepata kuliona ua hilo huandika jina jingine, naye hukosa alama. Ni nadra kuulizwa kama kosa limetoka katika jaribio, katika jicho, au katika lugha. Mambo hayo matatu ni mbalimbali, wala haifai mwalimu wa sayansi kuyachanganya.

Nuru ionekanayo ina mawimbi ya urefu wa kuanzia nanomita 400 hadi 700 hivi, na ndani yake hamna mipaka: rangi moja huingia katika nyingine pole pole. Isaac Newton mwenyewe hapo mwanzo alitaja rangi tano katika nuru iliyotawanywa na kioo cha pembe tatu. Baadaye akaongeza mbili, zikawa saba kama sauti za muziki. Mipaka, basi, huwekwa na watu.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Majina mengine mengi yametokana na vitu: kijani ni majani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi. Jambo hili si upungufu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, baada ya kulinganisha lugha nyingi, walieleza kwamba lugha yenye majina matatu ya msingi huwa na hayo hayo matatu.

Mwaka 1858 William Gladstone, alipoona uchache wa majina ya rangi katika tenzi za Homer, alidhani kwamba macho ya Wayunani wa kale yalikuwa bado hayajakomaa. Dhana hiyo haikusimama. Mzee aitaye nguo ya buluu iliyoiva "nyeusi" huweza kuichagua bila shida kati ya nguo nyeusi dukani. Hata hivyo, jina lina athari yake. Kirusi hutenga buluu nyepesi na buluu nzito kwa maneno mawili, na majaribio yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba wasemaji wake huzitofautisha upesi zaidi rangi zilizo pande mbili za mpaka huo.

Jicho nalo huweza kutofautiana. John Dalton, mwanakemia mashuhuri wa nadharia ya atomu, alieleza mwaka 1794 kwamba hakuona rangi kama wenzake. Uchunguzi wa mabaki ya jicho lake mwaka 1995 ulithibitisha kwamba alirithi kasoro hiyo. Katika Ulaya, wanaume wapatao 8 katika kila 100 wanayo. Miongoni mwa Waafrika idadi iliyoonekana kwa kawaida ni ndogo zaidi, lakini wapo. Na huenda mmoja wao ameketi darasani akidhaniwa mzembe.

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni mtihani. Lakini mtihani wa kemia wapaswa kupima ujuzi wa kemia, si ujuzi wa maua ya ugenini. Dawa yake haihitaji fedha. Kabla ya jaribio, vipande vya karatasi za rangi viwekwe mezani, wanafunzi wavipange vinavyofanana pasipo kuvitaja. Awezaye kupanga asiweze kutaja amekosa neno. Afundishwe neno, la Kiswahili na la Kiingereza pamoja. Ashindwaye kupanga huenda macho yake ni kama ya Dalton; asiadhibiwe, bali mwenziwe amsomee rangi, naye aeleze maana yake.

Shule ikimnyima alama mtoto wa namna hiyo bila kumchunguza, huenda inamfukuza katika sayansi mtu ambaye sayansi inamhitaji.